MANENO TUYASIKIAYO: NENO "PERMANENT"

Mwezi huu twataka kulitazama neno moja la Kiingereza lililoingia katika nyumba zetu bila kupiga hodi. Neno lenyewe ni "permanent". Hulikuta katika barua za kazi, katika karatasi za hospitali, katika fomu za shule na za benki, na hata midomoni mwa mafundi waashi. Wengi wetu tukiulizwa maana yake hujibu upesi, "Ni milele." Jibu hilo si sawa. Nasi tunaoandika ukurasa huu twajua ubaya wa kosa hilo, kwa kuwa tulilifanya wenyewe, na jirani yetu ndiye aliyelipia. Afadhali tuanze kwa kuwasimulia habari hiyo, ijapokuwa si ya kutusifu.

Ndugu mmoja wa mtaa wetu alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kupasulia mbao. Siku moja msumeno ukamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Akatibiwa, kidonda kikafunga, na baada ya miezi michache daktari akampa karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza, aipeleke kwa mwajiri wake. Yeye hakujua Kiingereza. Jioni ile akaja kwetu pamoja na mkewe, wakaketi barazani. Akasema, "Mwalimu, tusomee karatasi hii, tupate kujua daktari anenavyo."

Tukavaa miwani, tukasoma. Mara macho yetu yakaangukia neno "permanent", na mara ile ile tukanena, "Pole, ndugu. Daktari asema umekuwa kilema wa milele." Mkewe akajifunika uso kwa kanga. Mumewe akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akashukuru kwa adabu, wakaenda zao. Nasi tukalala usingizi mwema, tukidhani tumefanya kazi ya mwalimu.

Hatukujua yaliyofuata. Karatasi hakuipeleka kwa mwajiri, maana alijiambia, mtu aliyeharibika milele atapeleka karatasi ya nini? Katika muda wa majuma matatu aliuza baiskeli yake, na cherehani ya mkewe ikafuata, ili alipe deni la dukani kabla halijamshinda. Binti yao aliyekuwa kidato cha pili akaambiwa akae nyumbani.

Ikawa muuguzi wa zahanati, kijana ambaye kusoma alijifunzia kwetu, alikwenda katika nyumba ile kumtazama mtoto mwenye homa. Akasikia habari, akaomba kuiona karatasi. Siku ya pili yake akaja kwetu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mwalimu, niwie radhi kwa nitakalosema. Katika karatasi ya jirani umesoma neno moja, ukaruka la pili. Imeandikwa 'permanent partial'. Maana yake, mkono hautarudi kama ulivyokuwa, lakini ni sehemu tu iliyopungua. Na kwa sababu ya neno hilo hilo ana haki ya kulipwa fidia. Karatasi ya kumsaidia ndiyo hiyo, naye ameificha chini ya godoro."

Tuliona haya nyingi. Asubuhi tukafuatana na jirani yetu mpaka kwa mwajiri wake. Kwa bahati njema muda wa kudai ulikuwa haujapita. Baada ya safari nyingi alilipwa fidia yake, akapewa kazi ya kupima na kuhesabu mbao, na binti akarudi shuleni. Lakini cherehani ilikuwa imekwisha kuuzwa mji mwingine, wala haikuonekana tena. Tulikwenda nyumbani kwake kuomba radhi mbele ya mkewe. Yeye akatupa mkono, akasema, "Yamekwisha. Ila siku nyingine, Mwalimu, soma mpaka mwisho." Mkewe hakusema neno, akatuletea chai.

Basi, ndugu wasomaji, tangu siku ile tumelichunguza neno hili vizuri, na haya ndiyo tuliyoyapata.

SHINA LA NENO

"Permanent" limetoka katika Kilatini. Shina lake ni "manere", ndilo kukaa au kubaki. Na "per" iliyo mbele yake huongeza maana ya kuendelea mpaka mwisho. Kwa hiyo kitu kilicho "permanent" ni kitu kikaacho, kibakicho mahali pake. Shina lilo hilo limezaa neno la Kiingereza "remain", yaani kubaki, na "mansion", ambalo hapo kwanza lilikuwa na maana ya makao tu, kabla ya watu kulitumia kwa jumba kubwa la tajiri. Tazama basi: katika shina lake hamna neno la umilele. Hamna ila kukaa.

Kiswahili chetu kina neno lilingangalo nalo vema, nalo ni "kudumu". Hili na "daima" ni ndugu, maana yote mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu. Kwa hiyo "permanent" na tulifasiri "-a kudumu", na "milele" tuliache mahali pake, ambapo tutafika mbele kidogo.

Njia nzuri ya kulijua neno ni kumjua mpinzani wake. Mpinzani wa "permanent" ni "temporary", lililotoka katika neno la Kilatini la wakati, na kwa Kiswahili twasema "-a muda". Kitu cha muda kimewekwa hali mwisho wake unajulikana au unangojewa. Kitu cha kudumu kimewekwa bila kutajiwa siku ya mwisho. Hiyo ndiyo tofauti yao. Haisemwi kwamba mwisho hautakuja. Husemwa tu kwamba haukupangwa.

NENO HILI KATIKA KAZI NA MAMBO YA NCHI

Njia ya reli itatusaidia kuelewa. Wahandisi wa Kiingereza huziita reli, mataruma na kokoto zake kwa jina la "permanent way", maana yake njia ya kudumu. Wageni wa kazi hiyo hustaajabu, maana reli hulika na mataruma huoza, na mafundi huyabadili mwaka baada ya mwaka. Lakini asili ya jina ni hii: zamani, wajenzi walipoanza kazi, walitandika kwanza reli ndogo za muda za kuchukulia udongo na mawe, kazi ilipokwisha waliziondoa, wakaweka njia ya kukaa. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika kwenye ziwa la Victoria mwezi wa Desemba 1901. Katika kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa, wajenzi waliteremsha mabehewa kwa kamba za chuma kwa muda, mpaka njia ya kudumu ilipokuwa tayari. Na hiyo ya kudumu ilikuwa na upana wa mita 1 kati ya reli na reli. Mwaka 2017 ikafunguliwa njia mpya kati ya Mombasa na Nairobi, yenye upana wa milimita 1,435. Wa kwanza hawakusema uongo walipoiita njia yao ya kudumu. Walisema tu kwamba hawakuiweka kwa nia ya kuiondoa.

Katika mambo ya dola pia ni vivyo hivyo. Baada ya vita kuu ya kwanza yaliundwa huko The Hague, katika nchi ya Uholanzi, mahakama ya mataifa, na katika jina lake likatiwa neno "Permanent". Ilianza kazi mwaka 1922, na mwaka 1946 ikavunjwa, nyingine ikashika mahali pake. Mahakama ya kudumu ilidumu miaka 24. Kadhalika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lina wanachama 5 wa kudumu tangu mwaka 1945: Marekani, Uingereza, Ufaransa, China na Urusi. Lakini kiti cha China kilikaliwa kwanza na serikali iliyohamia Taiwan, na mwaka 1971 kikapewa serikali ya Beijing. Na kiti cha Umoja wa Sovieti kikachukuliwa na Urusi mwaka 1991. Viti vimebaki pale pale, ila wakaao juu yake wamebadilika.

Tukija karibu na mlango wetu, kuna barua ya kazi isemayo kwamba mtu ameajiriwa kwa masharti ya kudumu na ya pensheni. Kijana akiipokea hucheza ngoma, na ni haki yake kufurahi. Lakini na ajue alichopewa. Ameajiriwa bila mkataba wenye siku ya kwisha. Hakuahidiwa kwamba hataachishwa kazi kwa kosa, wala kwamba atafanya kazi mpaka kufa. Katika utumishi wa serikali ya Tanzania, na vile vile ya Kenya, mtumishi kwa kawaida hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Basi baba wa nyumba asikope mkopo wa miaka mingi kwa kutegemea neno moja tu katika barua. Na asome barua yote, kama tulivyofundishwa na jirani yetu.

NENO HILI KATIKA NYUMBA NA MWILI

Huko Kenya na Uganda watu wengi husema "nyumba ya permanent", wakikusudia nyumba ya mawe au matofali na saruji. Ile ya udongo na miti haipewi jina hilo. Na iliyo kati ya hizo mbili huambiwa ni nusu. Msemo huu twausikia kila siku, wala hatuukatazi. Ila mama wa nyumba ya udongo asione haya kwa ajili yake. Kule Zanzibar, Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu, ilijengwa mwaka 1883 kwa mawe na vyuma, ikapita kwa ukubwa nyumba zote za mji. Mwezi wa Desemba 2020, wakati ilipokuwa ikitengenezwa, sehemu yake kubwa ikaanguka, ikaua watu. Saruji na mawe hudumu kwa kutunzwa. Nasi twaijua nyumba ya bibi yetu mzaa mama, ya udongo mtupu, ambayo kila baada ya masika aliikandika upya kwa mikono yake. Amekaa humo tangu kuolewa kwake hata alipofariki, na wajukuu bado wanalala ndani yake.

Enyi akina mama, lisikieni na hili la meno, kwa maana ndilo litakalowafaa upesi. Mtoto huota meno 20 ya utotoni, nayo hung'oka. Yale ya pili ndiyo yaitwayo "permanent", meno ya kudumu, na jumla yake yakitimia ni 32. Hapa neno lina maana ya kwamba hakuna jingine litakaloota nyuma yake. Basi mjue kwamba magego ya kwanza ya kudumu hutokea mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, wala halitangulii jino lo lote kung'oka pale. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani ni ya utotoni nayo, wakiliona limeanza kutoboka husema, "Liacheni, litang'oka, lingine litaota." Halitaota. Jino la kudumu ndilo lipotealo moja kwa moja likikosa kupigwa mswaki. Kwa hiyo neno "permanent" kinywani mwa mtoto si ahadi; ni onyo kwa mzazi.

Na katika karatasi za majeraha neno hili laonyesha kwamba matibabu yamefanya yawezayo, na upungufu uliobaki hautazamiwi kuondoka. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya Kenya ya mwaka 2007, na ile ya Tanzania ya mwaka 2008, zote hutenga ulemavu wa muda na ulemavu wa kudumu. Tena ule wa kudumu huwa wa sehemu au huwa mzima, na malipo hufuata kipimo chake. Mtu aliyepoteza vidole viwili, na mtu asiyeweza tena kufanya kazi yo yote, wote wawili huandikiwa neno "permanent". Neno la pili ndilo liwatengalo. Tena mtu asichelewe, kwa kuwa dai la fidia lina muda wake. Ndilo hili tuliloliruka sisi barazani, na cherehani ikaondoka.

MILELE NI NENO JINGINE

Mtauliza sasa, je, Waingereza hawana neno lililo sawa na "milele"? Wanayo, tena mawili: "eternal" na "everlasting". La kwanza ni la asili ya Kilatini, la pili ni la Kiingereza chenyewe, maana yake lidumulo sikuzote. Hapo zamani waalimu wengine walijitahidi kuonyesha tofauti kubwa kati ya hayo mawili, na sababu yake ni Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, aya ya 46, wafasiri wake waliweka "everlasting" mahali pa kwanza na "eternal" mahali pa pili, hali katika Kiyunani neno ni moja tu. Wafasiri walioitengeneza upya wakaliona jambo hilo, na katika chapa ya mwaka 1881 wakaweka "eternal" mahali pote pawili. Kiswahili chetu nacho hutumia "milele" pote pawili, kikawa kimeufuata Uyunani sawasawa.

Basi mwalimu akilitumia neno "milele" kwa barua ya kazi, au kwa nyumba ya saruji, au kwa mkono uliokatwa vidole, hufanya mabaya mara mbili. Humdanganya mtu juu ya kitu chenye mwisho, akakitegemea kupita kiasi au akakiogopa kupita kiasi. Tena hulipunguza neno lenyewe, hata siku litakaposomwa mahali palipo pake wasikiao wataliona kama neno la ofisini.

MASHAURI YETU

Kwenu waalimu: mtoto akikutana na "permanent" katika kitabu chake, mwulizeni kwanza, "Kinyume chake hapa ni nini?" Ikiwa ni meno, kinyume ni ya utotoni. Ikiwa ni kazi, kinyume ni ya mkataba au ya kibarua. Ikiwa ni njia, kinyume ni ile ya muda. Akikipata kinyume, maana itamjia yenyewe. Kisha aandike "-a kudumu".

Kwenu mlio nyumbani: fomu ikikuulizeni anwani yenu ya "permanent", haikuulizeni mtazikwa wapi. Yataka kujua mahali ambapo barua itawapata hata mkihama chumba cha kupanga; basi andikeni kwenu, au kwa wazazi, au sanduku la posta msilolibadili. Na karatasi yo yote ya daktari au ya mwajiri msiikunje kabla ya kusomewa neno kwa neno. Msomaji akisoma nusu, mwambieni aendelee. Hata akiwa mzee, hata akiwa mwalimu, mwambieni kwa adabu aendelee. Laiti mke wa jirani yetu angetuuliza jioni ile, "Na neno linalofuata, Mwalimu?" Lakini hakuuliza, kwa sababu alituheshimu, na heshima ile ilimgharimu cherehani yake.

Kwetu sisi tulioitwa wasomaji wa barua za watu, shauri ni fupi. Tusipolijua neno tuseme, "Hili silijui, ngojeni nikaulize." Hakuna aibu katika kusema hivyo. Tumejaribu tangu wakati ule, na hakuna hata mtu mmoja aliyetucheka.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutalitazama neno "temporary", na hasa vibarua waitwao wa muda ambao wamekaa kazini miaka 10. Msomaji aliye na neno limsumbualo katika barua au fomu na alilete kwa mwalimu wa mtaa wake, nasi tutalipokea kutoka kwake. Lakini lileteni pamoja na maneno yaliyolizunguka, yale ya mbele na yale ya nyuma.

Kaeni salama.